Picha za Jumamosi

Picha ya kumi na tisa ndiyo iliyonirudisha mjini.

Ilikuwa saa nne asubuhi, nami nilikuwa jikoni kwa baba namchemshia maji ya kumkanda. Simu ikatoa mlio mfupi. Nilijua ni nani kabla sijakausha mikono. Kwa karibu miezi mitano Mpole hakukosa hata Jumamosi moja: ikifika saa nne, picha moja ya mmea wangu, na chini yake maneno machache. "Mzima, anakusalimu." Au, "Ametoa jani, njoo umwone mtoto." Nami hucheka peke yangu kama mwehu, kisha naenda kumwonyesha baba, aliyekuwa kitandani tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga.

Siku hiyo sikucheka. Nilikuza picha kwa vidole viwili. Kazi yangu ni kutengeneza miwani. Siku nzima nainamia skrubu ndogo kama ufuta, kwa hiyo macho yangu yamezoea kutafuta kitu ambacho hakijakaa mahali pake. Mmea ulikuwa umestawi kuliko nilivyouacha. Ulikuwa umepandishwa kwenye kijiti kipya kirefu, na shina lilikuwa limefungwa kwa bendeji nyeupe, mafundo matatu, kila fundo limekaa sawasawa, ncha zake zimekatwa kwa mkasi.

Mpole hajawahi kufunga fundo likakaa. Hata kamba za viatu vyake nilikuwa namfungia mimi.

"Baba," nilisema, "nikienda mjini siku chache, shangazi anaweza kuja kulala hapa?"

Baba alinitazama. "Kuna nini?"

"Nataka kuuona mmea."

"Mmea au mwenye kuutunza?"

"Wote wawili."

Mmea ule nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa mtunza bustani kwenye chuo. Alikuja dukani na miwani iliyokatika katikati, nikamtengenezea akiwa amekaa, naye siku ya pili akarudi na kipande cha shina, urefu wa kidole, kimeviringishwa kwenye gazeti bichi. Hakikuwa na jani wala mzizi. "Huu hauko kwa watu," aliniambia. "Ukikushinda usijilaumu. Umenishinda hata mimi."

Ulikaa miezi saba kijiti kitupu. Kwanza kwenye glasi ya maji, halafu kwenye magome ya mti yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na mkaa. Baba alikuwa akinipigia simu kila Jumapili na swali lake moja: "Kile kijiti chako kimeshazaa?" Siku jani la kwanza lilipofunguka, nusu kijani kibichi, nusu jeupe kama maziwa, mpaka kati yake umenyooka kama uliochorwa na rula, niliketi sakafuni nikalitazama mpaka nikachelewa kazini. Baada ya hapo hakuna jani lililofanana na jingine. Miaka minne nililea.

Mpole nilimpata katikati ya miaka hiyo. Alikuja kutengeneza lifti ya jengo letu, na kazi ya siku moja akaifanya kwa siku tatu, kila saa anashuka dukani kwangu kuuliza kama lifti imenisumbua. Jina la Mpole alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakuwahi kumkatalia mtu jambo. Ukimwomba zamu, anakupa. Ukimwomba nyundo, anakupa na misumari. Mimi nilipenda tabia ile. Nilikuwa nimezoea wanaume wa kubishana, na huyu alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

Asiyenipenda alikuwa mama yake. Nimemzidi mwanawe miaka minne. Nilifika kwake mara moja tu, akanipokea vizuri, akanikalisha kwenye kiti kizuri, kisha akanitazama machoni. "Binti, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini kwa mwanangu sikutaki." Mpole alikuwa amekaa pembeni yangu, anachunguza kucha zake. Njiani aliniambia, "Nipe muda. Mama nitamlainisha polepole."

Nilimpa muda. Na nilipolazimika kwenda kumuuguza baba, nilimpa na mmea. Nilimwekea kwenye kigoda chini ya dirisha lake, nikamfundisha kama ninavyomfundisha mteja kuvaa lenzi za kwanza: usiuweke juani, maji yalale kwenye ndoo kwanza, chomeka kidole, kikitoka kikavu ndipo umwagilie, ukifuta jani, kinga kwa mkono chini yake. Alirudia kila neno.

"Baba akipona," aliniambia kituo cha basi, amenishika mkono mbele za watu, "naleta wazee wangu kwenu. Mama atake asitake."

Maneno hayo niliishi nayo miezi mitano.

Nilifika Ijumaa alasiri, nikaenda moja kwa moja kwake na begi langu bila kupiga simu. Alifungua mlango akiwa na ovaroli ya kazi, grisi kwenye kiwiko. Uso wake ulifurahi. Hilo siwezi kumnyima, ulifurahi kweli. Kisha nikaona furaha ile inatafuta pa kujificha.

"Miwani," alisema. Ndivyo alivyokuwa akiniita. "Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema ungefanya nini?"

"Ningekuja kukupokea."

Nilipita ndani. Kigoda kilikuwa palepale chini ya dirisha. Juu yake palikuwa na pasi na shati lililokunjwa. Alama ya duara ya chungu ilikuwa bado inaonekana kwenye mbao, na vumbi limeshaijaa.

"Uko wapi?"

"Kaa kwanza. Nikupe maji."

"Sina kiu. Mmea wangu uko wapi?"

"Upo, mzima kabisa. Si unauona kila Jumamosi?"

"Nauona kwenye simu. Nauliza uko kwenye nyumba ya nani."

Alijifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa ilikuwa mikavu. "Mama alikuja kunitembelea. Wiki ya tatu tangu uondoke. Akauona. Miwani, ungemwona mama siku hiyo. Alikaa mbele yake nusu saa, anazungumza nao kama mtoto. Akasema hajaona kitu kizuri hivi. Nikaona moyo wake umefunguka, nikamwambia, mama, chukua."

"Ukamwambia ni wangu?"

"Nilitaka aupende kwanza. Halafu siku moja nimwambie, unaona huu unaoupenda, umelelewa na yule usiyemtaka. Nilikuwa nakutafutia njia."

Nitasema ukweli: hapo nilikaribia kumsamehe. Lilikuwa jambo la kijinga, lakini ujinga wenye mapenzi ndani yake. Nilichukua begi.

"Basi twende kwa mama. Nitamwambia mwenyewe, kwa adabu, wala hatutagombana."

Hakusogea.

"Mpole?"

"Hauko kwa mama tena. Aliutoa zawadi. Kwa binti wa rafiki yake. Yule mfamasia."

Mfamasia nilimjua kwa kusikia. Ndiye ambaye mama yake Mpole alimtaka awe mkwe. Nilikumbuka bendeji, yale mafundo matatu yaliyokaa sawasawa, nikakaa juu ya kitanda chake.

"Kwa hiyo picha zile," nilisema, "zote umezipigia kwake."

"Mbili za kwanza ni za hapa."

"Na kumi na saba?"

"Ningefanyaje? Uliagiza picha kila Jumamosi. Ningekwambia umetoka, ungeumia, na baba mgonjwa. Nikaona bora niende tu, nipige, nitoke."

"Dakika ngapi kupiga picha moja?"

Alitazama dirishani.

"Anajua unakwenda kufanya nini?"

"Anadhani nakwenda kumwona yeye."

"Na wewe ulikuwa unakwenda kumwona nani?"

"Mwanzoni mmea."

"Na sasa?"

Niliingoja sauti yake. Nje mtu alikuwa anaosha gari, maji yanapiga bati. Ningeweza kuvumilia uongo hapo. Angesema "mmea" hata kwa sauti ya kutetemeka, sijui ningefanya nini. Alichukua shati juu ya kigoda, akalikunjua, akalikunja upya.

"Ni mtu mzuri," alisema hatimaye. "Hana makosa yoyote. Siwezi kumuumiza."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye nakupenda. Wewe una nguvu, Miwani. Wewe unaelewa mambo."

Nilisimama. Nilimwomba anieleze nyumba ilipo, akanieleza, hadi ghorofa na rangi ya mlango. Hajui kukatalia swali.

"Kesho usije," nilimwambia.

"Sawa," alisema.

Mfamasia alikuwa mwanamke wa umri wa mdogo wangu, kama ningekuwa na mdogo. Nywele amezifunga kwa kitambaa, miguu mitupu, mkononi ana kichupa cha kunyunyizia maji. Nilikuwa nimepanga maneno makali usiku kucha, na nilipomwona akitabasamu yakanipotea.

"Karibu dada. Umetumwa na mama?"

"Hapana. Nimekuja kuuona mmea."

Wala hakushangaa. "Ingia. Watu wananiomba hivyohivyo hadi kazini. Wengine nawaonyesha kwenye simu."

Ulikuwa sebuleni, kando ya dirisha lenye pazia jepesi, mwanga unaingia umechujwa kama inavyotakiwa. Nilipouacha ulikuwa unanifika kiunoni. Sasa ulinipita kichwa. Majani kumi na moja, yanang'aa kwa usafi, hakuna hata chembe ya vumbi. Nilitamani nikute umenyauka. Nilitamani nimkute mtu asiyejua, aliyeuacha ukakauka, ili nipate wa kumlaumu.

"Umeutunza vizuri," nilisema.

"Nimejifunza kwa mwenyewe aliyeulea. Hapa juu limetoka jani jeupe lote, unaliona? Nimelipenda sana."

"Likate."

"Likatwe zuri hivi?"

"Jeupe tupu halijilishi. Linakula tu kwa wenzake. Yakija mawili matatu ya hivyo, shina lote linadhoofika. Kata juu kidogo ya lile jani lenye nusu kwa nusu, litachipua upya."

Alinitazama upya, mara hii kwa makini. "Kumbe na wewe unao?"

"Ninao. Huyo aliyekufundisha alikwambia aliupataje?"

Aliketi mkono wa kochi, na uso wake ukalainika, nami nikajua kabla hajafungua mdomo kwamba swali hilo lingeniua. "Hiyo habari ndiyo iliyofanya nimpende, nikwambie ukweli," alisema. "Kabla ya hapo nilikuwa namwona mkimya tu, mtoto wa rafiki wa mama. Alinisimulia siku moja hapahapa. Eti alipewa na mzee wa bustani, kipande hata jani hakina, kimefungwa kwenye gazeti. Miezi saba kijiti kitupu, yeye yumo tu, anabadilisha maji. Na kuna mzee alikuwa akimpigia simu kila Jumapili kumtania, kile kijiti chako kimeshazaa?" Alicheka. "Siku jani lilipofunguka aliketi sakafuni akachelewa kazini. Nikasema mwanaume anayeweza kusubiri hivyo, huyo ndiye."

Nilikuwa nimesimama katikati ya zulia lake. Maisha yangu yalikuwa yanatoka kinywani mwake, hayajapungua hata neno moja, ila mwenyewe amebadilishwa. Mmea ningeweza kusema aliutoa kwa kumwogopa mama yake. Hizo picha ningeweza kusema alizipiga kwa kuniogopa mimi. Lakini habari ile hakuna aliyemlazimisha kuitoa. Aliichukua kwa hiari yake, akampelekea mwanamke mwingine, ikampatia mapenzi.

"Huyo mzee wa Jumapili," nilisema, "ni baba yangu."

Mfamasia aliinuka kwenye mkono wa kochi.

"Mzee wa bustani alikuja dukani kwangu na miwani iliyokatika. Kijiti kilikuwa dirishani kwangu. Sakafuni nilikaa mimi." Nilitoa simu, nikamfungulia picha, zote kumi na tisa, nikampa mkononi. "Nilimwachia autunze nikaenda kumuuguza baba. Hizi amenitumia kila Jumamosi saa nne."

Alizipitia moja moja. Alipofika kwenye ile ya bendeji alisimama, akaigusa kwa kidole. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Aliniambia anapiga ili aone ninavyoutunza. Nikawa nausafisha Ijumaa jioni, upendeze." Akanirudishia simu. "Mama zetu wamepanga wazee wakutane mwezi ujao. Unajua hilo?"

"Sikulijua."

"Hakukataa."

"Hakatai, mdogo wangu. Hata mimi hakunikataa."

Tulikuwa bado tumesimama hivyo kengele ya mlango ilipolia. Saa nne kamili. Nilikuwa nimemwambia asije, akasema sawa. Na mfamasia naye bila shaka alikuwa amemwambia aje, akasema sawa vilevile.

Mfamasia alifungua. Mpole aliingia hatua moja, akaniona, akabaki na mguu mmoja nje ya kizingiti. Simu alikuwa nayo mkononi tayari.

"Ingia," mfamasia alimwambia. "Kuna mtu unamjua."

Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi kwake, kama mtu anayetafuta swichi gizani. "Nisameheni," alisema. "Nisameheni nyote wawili. Sikutaka mtu aumie."

Hata radhi aliigawa katikati, asije akampa mmoja zaidi.

"Kile kijiti," mfamasia alimuuliza, "ulikaa nacho miezi mingapi?"

Alifungua mdomo. Naamini angesema saba. Ila alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona ameona aibu hasa, si aibu ya kukamatwa. Akafunga mdomo.

"Dada," mfamasia aliniambia bila kumwondolea macho yule, "chukua mmea wako. Nitakusaidia kubeba."

"Unaweza kubaki na kipande. Nitakukatia sasa hivi, nitakuonyesha."

"Asante, lakini hapana. Nitakuwa naona jani nasikia sauti yake."

Haikuwa rahisi kuuondoa. Mizizi ya juu ilikuwa imeshashika ukuta wake, imejibandika kwenye rangi kama vidole. Tulipiga magoti wote wawili, tukaibandua mmoja baada ya mwingine kwa kisu butu cha mezani. Rangi ilitoka mabaka mabaka, hakulalamika. Mzizi mmoja ulikatika nikauma mdomo. Nyuma yetu Mpole alikuwa bado mlangoni.

"Niwasaidie kubeba?" aliuliza. "Chungu ni kizito. Lifti inafanya kazi, niliitengeneza juzi."

Tulikibeba chungu sisi wawili, tukashuka kwa ngazi, ghorofa tatu, tunapumzika kila mzunguko. Chini, akiwa anahema, mfamasia aliuegemeza mmea kwenye kiti cha teksi akauzungushia mkanda. Kisha akanishika mkono kwa nguvu, mara moja tu, akageuka akapanda. Alikuwa miguu mitupu. Nadhani hata hakuona kwamba ametoka bila viatu.

Mmea ulinuna. Kwa wiki mbili uliangusha majani manne, ndivyo mimea ya namna hii inavyofanya ukiihamisha. Niliuweka dukani, kwenye dirisha la kioo cha ukungu, ili nikiinua kichwa niuone. Shangazi alikubali kukaa na baba kwa muda. Mpole alipiga simu nyingi na ujumbe wake ulikuwa mrefu; nilisoma wa kwanza, mingine niliiacha.

Jumanne moja mchana aliingia mama yake.

Nilimtambua kwa mgongo ulionyooka. Alivua miwani, akaiweka kwenye meza yangu. Mkono mmoja wa miwani ulikuwa unaning'inia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii imelegea. Unaweza?"

"Naweza. Kaa, haichukui muda."

Alikaa. Niliinamia skrubu. Akanitazama nikifanya kazi, kisha akautazama mmea, na bila miwani alilazimika kukaza macho.

"Sikujua kwamba ni wako," alisema. "Ningejua nisingeugusa."

"Najua, mama."

"Unajuaje?"

"Uliniambia hunitaki, na uliniambia nikiwa nimekaa mbele yako. Katika mambo haya yote, wewe peke yako hukunidanganya."

Alipanga na kupangua mikunjo ya nguo yake. "Binti wa rafiki yangu ameshavunja mpango. Mama yake hasemi na mimi. Sawa, nimestahili. Lakini sikuja kwa hilo." Akanyoosha mgongo zaidi. "Nimekuja kukwambia nimekubali. Miaka minne si kitu. Mwanangu hali, halali. Njoo nyumbani, uwe mkwe wangu, na mimi mwenyewe nitakwenda kwa baba yako na wazee."

Maneno hayo niliyangoja miaka miwili. Nilikuwa nimeshayasikia mara elfu, nikiwa kwenye basi, nikiwa naosha vyombo. Nilijua hadi nguo nitakayokuwa nimevaa. Sasa yalikuja, nami nina bisibisi mkononi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba moyo uliruka. Uliruka kama wa mjinga. Nilingoja utulie.

"Asante, mama," nilisema. "Nimeshukuru kwa kweli. Yeye yuko wapi?"

Alisita, kisha akaelekeza kwa kidevu. Ng'ambo ya barabara, kando ya duka la viatu, Mpole alikuwa amesimama na shati lililopigwa pasi, mikono mifukoni, anatazama chini.

"Alisema nitangulie mimi," mama alisema. Akayasikia maneno yake mwenyewe, nikamwona ameyasikia. "Tangu mtoto yuko hivyo. Nikimpa kikombe kinachovuja hasemi, anakunywa harakaharaka kabla hakijaisha. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba nimezaa mtoto asiyesumbua."

Niliikaza skrubu, nikapangusa vioo, nikamvisha miwani mwenyewe nikahakikisha imekaa nyuma ya masikio.

"Wewe umekubali, mama," nilimwambia. "Sasa asiyekubali ni mimi."

Hakubishana. Alinishika shavu, kiganja chake kikavu na chenye joto, kisha akainuka. "Nimwambieje?"

"Usimwambie kitu. Mlango uko wazi. Akitaka kujua, aingie aniulize."

Alitoka. Niliwaona kupitia kioo cha mlango: mama anazungumza, mkono umeelekea dukani kwangu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mpole aliinua kichwa. Niliweka bisibisi chini, nikazunguka meza, nikasimama mahali atakaponiona vizuri. Barabara haikuwa na magari. Zilikuwa hatua kumi na tano, labda ishirini. Aliutazama mlango kwa muda mrefu sana, na nilijikuta nahesabu pumzi zangu, na ninasema moyoni, njoo, hata kama ni kunigombeza, njoo kwa miguu yako.

Alimshika mama yake mkono, wakaondoka.

Nilisimama mpaka walipopinda kona. Kisha nikarudi kwenye kiti changu, nikavua miwani, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Mteja aliyekuwa akingoja zamu yake aligeukia ukutani, akasoma tangazo la kupima macho, akalisoma tena na tena, mpaka nilipomaliza.